Idi Amin Si Mchekeshaji, Wasee

Hizo klipu za Idi Amin akipiga akodioni na kuvunja watu mbavu zimefika hadi huku Chakol. Najua mmeziona na mmecheka. Sasa tuongee ukweli kidogo.

Kuna filamu ya 1974 ya Barbet Schroeder, mwongozaji Mswisi, inaitwa Général Idi Amin Dada: Autoportrait. Yaani, Amin anajichora mwenyewe. Muziki ni wake. Anapanda mashua kuonyesha wanyama. Anapanga jeshi liigize kuteka milima ya Golan kutoka kwa Israeli. Alidhani anatengenezewa tangazo.

Schroeder habishani naye. Anamwacha tu aongee. Halafu inakuja sehemu ya kikao cha mawaziri: Amin anafoka, mawaziri wameinama wanaandika kama watoto wa shule. Kamera inasimama kwa uso wa waziri wa mambo ya nje, Michael Ondoga. Machi 1974 mwili wake ulipatikana kwenye mto Nile. Hapo kicheko kinakukwama kooni.

Linganisha na Leni Riefenstahl, aliyepiga picha mkutano wa Hitler kule Nuremberg 1934. Viungo ni vilevile: kiongozi, jeshi, umati. Lakini yeye hakuacha hata ufa mmoja wa kuchungulia. Na Amin mwenyewe alimsifu Hitler kwenye telegramu kwa Umoja wa Mataifa mwaka 1972, mwaka uleule aliowapa Waasia siku 90 waondoke Uganda. Muite fashisti ama dikteta, mbinu ni ileile.

Mbona hii inatuhusu sisi wa mpakani? Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Busia, Malaba, Chakol, zote ndani. Na ujanja uko hapa: hakuanza na uongo. Ni kweli kabisa kwamba hadi 1902 eneo hili lilikuwa chini ya Uganda, kabla Waingereza hawajasogeza mpaka. Ni kweli Wateso wako pande zote mbili. Propaganda kali huchukua ukweli mdogo, inaufanya ngazi, halafu inakupandisha mahali hukukusudia kufika. Ukishikwa na ile robo ya ukweli, huulizi zile robo tatu.

Amin alipojua filamu ina sehemu zinazomuumbua, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda ndani ya hoteli, akaizungushia jeshi, akawapa namba ya simu ya Schroeder wamsihi azikate. Schroeder alikata kama dakika mbili na nusu. Zilirudishwa baada ya Amin kuanguka 1979.

Fikirieni hapo. Dikteta alihitaji mateka ndio filamu ikatwe. Leo sisi tunaikata bure, kwa simu zetu, tunabakisha akodioni na kutupa Ondoga. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba hadi watu 300,000 waliuawa chini ya utawala wake, halafu sisi tunamtumia kama stika ya WhatsApp.

Sisemi msicheke. Filamu yenyewe inachekesha, na ndiyo maana inatisha. Nasema tazameni yote, halafu muulize wazee wa hapa mpakani walikumbana na nini miaka ile. Klipu ya sekunde 30 ndiyo filamu ambayo Amin alikuwa anaitaka.