Waya Usiokuwa Kwenye Mchoro

Sehemu ya Tatu

ILIPOISHIA: Ni mwaka 2018, na amri imetoka kwamba mashine zote za kamari zikusanywe na kuharibiwa. Chifu amempa Kugo hadi Jumatatu asubuhi kuitoa mashine ya pinboli iliyo nyuma ya duka lake, karibu na stesheni ya Kipkelion. Chebet, fundi wa stima, ameahidi kuifufua ili Chifu ajionee mwenyewe kwamba mpira huongozwa na mkono wa mchezaji. Jumamosi jioni ameiwasha kwa mara ya kwanza. Mota ikaanza kuzunguka, ikagoma kusimama...

"Zima! Zima, itaungua!"

Chebet alichomoa plagi. Ndani ya kabati la mashine, mota ilijivuta kidogo, ikatulia. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu, na harufu ya vumbi lililopata moto ikajaa chumbani.

"Imekwisha?" Kugo aliuliza.

"Haijaisha, Kugo. Inatafuta sifuri."

Alimwonyesha kwa tochi. Sarafu inapoingia, kazi ya kwanza ya mashine ni kuyarudisha magurudumu ya pointi hadi sifuri. Kila gurudumu lina swichi ndogo ya vijibati vyembamba, inayoachana pale tu gurudumu linapofika. Mota huendelea kuzunguka na kutuma mapigo ya umeme mpaka swichi zote ziachane. Gurudumu la mamia lilikuwa limesimama sifuri, kila mtu aliliona. Swichi yake tu ndiyo haikuwa na habari.

Chebet alichungulia kwa muda, akasonya. Kulikuwa na vijibati vitatu, na waya ulikuwa umelehemiwa kwenye kile kisichohusika.

"Huyu fundi wako wa mjini, Kugo, angeniacha niseme naye dakika tano."

Kugo hakujibu. Aliyajua makosa ya fundi huyo yote, maana Chebet alikuwa ameyataja moja moja tangu Alhamisi. Mashine ilitengenezwa na kampuni ya Gottlieb ya Chicago miaka ya sitini, ikingoja umeme wa Marekani wa volti 120. Fundi huyo aliichomeka moja kwa moja kwenye 240. Fyuzi ilipokatika, kama ilivyopaswa, aliiviringishia karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, na kuanzia hapo hakukuwa na kitu cha kuizuia isijichome. Kisha akakata nyaya za zamani zilizovikwa uzi wa rangi, kila rangi na njia yake, akaziunga kwa waya mwekundu wa nyumba na tepu nyeusi. Rangi zote zikawa moja. Mashine ya namna hii haina kompyuta. Kumbukumbu yake iko kwenye rilei zinazovuta na kuachia, na yeyote mwenye macho na subira anaweza kuzifuata kwa kidole. Ukimwondolea rangi umempofusha.

Aliuhamisha waya, akausafisha mdomo wa swichi kwa kipande cha karatasi ngumu. Msasa hakuugusa, msasa hula ngozi ya kijibati, na kesho yake tatizo ni lile lile. Akarudisha plagi kwenye transfoma ya kushusha umeme aliyokuja nayo.

Magurudumu yakaruka: ta-ta-ta-ta. Moja likafika, la pili likafika, na swichi ya lile la mamia ikaachana. Mota ikasimama. Taa ndogo za volti sita zikawaka nyuma ya kioo, nyekundu na manjano, na mpira wa chuma ukajitokeza kwenye njia yake.

Kugo alivua kofia.

"Bonyeza kulia kwanza," Chebet alisema. "Sasa kushoto."

Kibao cha kushoto cha kuupigia mpira ndicho kilichomtoa jasho. Koili ya kibao ina nyuzi mbili za shaba: nene ya kupigia, nyembamba ya kushikilia. Kibao kikifika mwisho wa mwendo wake husukuma swichi, na umeme ukahamia kwenye uzi mwembamba. Swichi hiyo ilikuwa imebanwa kwa koleo isiachane kamwe, na uzi mnene ukaungua hadi ukawa makaa. Chebet alikuwa ameifumua koili yote akihesabu mizunguko, akaisuka upya kwa shaba ya unene ule ule. Sasa kibao kilipiga, kikashika, kikatulia juu bila kunguruma.

"Hiki ndicho kitakachotuokoa," alimwambia. "Kabla ya 1947 mashine hizi hazikuwa na vibao. Unaachia mpira, unaomba Mungu. Ndiyo maana meya wa New York, La Guardia, alizipiga marufuku mwaka 1942, akazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha. Marufuku ilidumu hadi 1976, kijana mmoja mwandishi, Roger Sharpe, alipocheza mbele ya madiwani. Akataja mpira utapita wapi kabla hajauachia, na ukapita hapo hapo. Jumatatu wewe utamchezea Chifu."

"Mimi?"

"Umefanya kazi kwenye baa ya klabu miaka mingapi ukiwatazama wazungu wa chai wakicheza? Wewe."

Mzee alicheka, kicheko ambacho Chebet hakuwahi kukisikia kwake. Akaenda kumtilia mursik.

Jumapili baada ya kanisa Chebet alirudi kumalizia. Alikuwa na mchoro wa nyaya, karatasi kubwa iliyochakaa kwenye mikunjo, na kalamu nyekundu; kila waya alioufuata hadi mwisho aliuwekea alama. Saa kumi kila mstari kwenye mchoro ulikuwa na alama. Lakini kwenye mashine ulibaki waya mmoja.

Ulikuwa wa kahawia, wenye mstari wa manjano. Haukuwa kazi ya yule wa tepu. Ulilehemiwa kwa utulivu, ukafungwa na wenzake kwa uzi uliopakwa nta, fundo kwa fundo, na mtu aliyeijua kazi yake. Ulianzia kwenye gurudumu linalohesabu michezo ya bure, ukashuka pembeni mwa kabati, ukapenya tundu dogo na kutokomea chini ya ubao wa sakafu ya kabati.

Chebet alilala chali sakafuni. Kidole chake kilikutana na kitufe, kimefichwa nyuma ya mguu wa mbele.

Akakibonyeza. Juu, gurudumu la michezo ya bure likarudi nyuma hatua moja. Chini ya ubao, kitu kikalia: tik.

Alihisi baridi mgongoni. Alikuwa amesoma habari za vitufe vya namna hii. Mchezaji anashinda michezo ya bure, lakini haichezi; anamwita mhudumu. Mhudumu anabonyeza kitufe, michezo inafutika, mita iliyofichwa inaihesabu, na pesa zinalipwa juu ya kaunta. Hapo mchezo unakuwa kamari.

"Kugo," alisema polepole. "Uliniambia mashine hii haikuwahi kulipa mtu pesa."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, daftari jembamba mkononi. Jalada lake lilikuwa limeliwa na mchwa.

"Aliyelipa ni mimi," alisema. "Shilingi moja kwa kila mchezo. Niliandika humu kila usiku. Mwaka 1971 meneja alisema nimelipa zaidi ya mita, kwamba tofauti nimeiba. Niliomba nionyeshwe mita. Akasema imetolewa, imetupwa. Nilifukuzwa bila mshahara, na mke wangu akaishi na jina la mke wa mwizi hadi tulipomzika." Alimeza mate. "Klabu ilipouza vitu vyake niliinunua kwa bei ya chuma chakavu. Unadhani nilitaka kucheza?"

Chebet alishika bisibisi. Misumari ya ubao ilitoka kwa shida. Nyuma yake, kwenye giza na utando wa buibui, kioo kidogo kilimulika tochi yake. Mita ilikuwepo.

Akaielewa hesabu yote kwa mara moja. Akiing'oa, mashine inabaki mchezo safi na Chifu hatakuwa na neno. Lakini mita iliyong'olewa haithibitishi kitu, kila mtu atasema imeokotwa popote. Akiiacha, ushahidi wa Kugo umesimama mahali pake, na mashine yote ni kamari kwa mujibu wa sheria.

"Inasoma ngapi?" Kugo aliuliza. Daftari lilikuwa wazi, likitetemeka.

Chebet alipangusa kioo kwa kidole gumba. Tarakimu zikaanza kuonekana.

Mlango wa mbele ukagongwa mara moja, ukafunguliwa kabla ya jibu. Buti zenye matope zikaingia, jozi tatu. Akiwa bado chini ya mashine, Chebet aliona kichwa cha nyundo kikiwekwa sakafuni.

"Chamgei, Mzee," ilisema sauti ya Chifu. "Lori halingojei Jumatatu, linaondoka leo kwenda Kericho. Na wewe binti huko chini, wewe ndiye fundi, nitakuamini wewe. Niambie ukweli: kuna kitu chochote humo ndani kinachohesabu pesa?"

ITAENDELEA WIKI IJAYO