Karatasi na Shaba: Wenye Hisa Binafsi katika Utafutaji wa Madini ya Katanga

Historia ya madini ya Katanga imezoeleka kuandikwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile ya wafalme, magavana na wahandisi. Ya pili, iliyochelewa kuja, ni ile ya wafanyakazi wa migodini na familia zao. Kuna kundi la tatu ambalo hutajwa kwa haraka tu: watu binafsi wa Brussels, London na baadaye Toronto, ambao wengi wao hawakupata kuiona Katanga kwa macho, lakini waliweka fedha zao katika karatasi zenye jina lake. Makala haya yanahusu watu hao na karatasi zao. Yanakusudia kuonyesha kwamba mwenye hisa mdogo, ambaye sheria ilimwita mmiliki, alimiliki zaidi matumaini kuliko shaba. Na kwamba wale waliokuwa na kitu cha thamani kuliko fedha, yaani maarifa ya mahali madini yalipo, hawakupewa hisa hata moja.

Neno lenyewe linastahili kuangaliwa kwanza. Kiswahili cha pwani kilipokea neno hisa kutoka Kiarabu, kwa maana ya fungu au sehemu ya mtu katika mali inayogawanywa. Hisa ya urithi na hisa ya mazao ni vitu vinavyoonekana: shamba linapimwa, nazi zinahesabiwa. Hisa ya kampuni ya utafutaji wa madini ni jambo jingine kabisa. Kampuni ya namna hiyo haina mgodi. Ina ruhusa ya kutafuta, ina muda uliowekwa, na ina gharama zisizokoma. Fedha za wenye hisa ndizo zinazolipa wapimaji, wapagazi, chakula na zana. Zikiisha, hisa mpya hutolewa, na fungu la mnunuzi wa kwanza hupungua. Bei yake sokoni haipandi kwa sababu ya shaba iliyouzwa, bali kwa sababu ya habari iliyofika. Pengine ndiyo maana katika mazungumzo ya mjini Lubumbashi maneno ya Kifaransa yametawala katika jambo hili: kitu chenyewe kilikuja na ofisi za Wabelgiji, nacho kikakaa humo humo ofisini.

Kampuni ya kwanza kubeba jina la nchi hii ni Compagnie du Katanga, iliyoundwa Brussels mwezi Aprili 1891 kwa mtaji wa faranga milioni 3. Mfalme Léopold wa Pili aliogopa kwamba watu wa Cecil Rhodes wangetangulia kufika kutoka kusini, naye hakuwa na fedha za kutosha kulituma jeshi. Hivyo kazi ya kuikalia nchi ikakabidhiwa kampuni ya watu binafsi, na malipo yake yakawa theluthi moja ya ardhi iliyohesabiwa kuwa ya Serikali katika eneo hilo. Wenye hisa walikuwa wamenunua, kwa lugha nyepesi, nchi ambayo bado ilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi aliyeujenga ufalme wa Garenganze na makao yake Bunkeya, akaifanya shaba ya Katanga iwe bidhaa iliyokwenda pwani ya mashariki na pwani ya magharibi pia. Msafara ulioongozwa na William Stairs, mzaliwa wa Kanada, ulianzia pwani ya Zanzibar na Bagamoyo ukiwa na mamia ya wapagazi na askari wa huko. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na Kapteni Omer Bodson, afisa wa msafara huo, naye Bodson akapigwa risasi akafa. Stairs mwenyewe alifariki mwezi Juni 1892 huko Chinde, akiwa njiani kurudi, na wapagazi wengi hawakurudi makwao. Wanafunzi wa historia ya Kiswahili huikumbuka safari hiyo kama mmojawapo wa mikondo iliyoileta lugha hii Katanga. Wenye hisa wa Brussels waliihesabu katika daftari kama gharama.

Kwa miaka kadhaa gharama ndiyo yote waliyoipata. Mjiolojia Jules Cornet, aliyekuja na msafara wa Bia na Francqui, aliiona na kuieleza shaba ya Katanga mwaka 1892. Hata hivyo, shaba iliyo mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote, bila reli, ilikuwa sawa na mawe ya kawaida. Mwaka 1900, ili kuondoa mkorogano wa mipaka baina ya ardhi ya kampuni na ardhi ya Serikali, ikaundwa Kamati Maalumu ya Katanga. Theluthi mbili za mapato yake zilikuwa za Serikali ya Léopold, na theluthi moja ya Compagnie du Katanga. Mgawanyo huo wa theluthi hauna budi kukumbukwa, maana miaka 60 baadaye ulikuja kuamua jambo kubwa.

Kutoka upande wa London alitokea Robert Williams, mhandisi wa Aberdeen aliyekuwa amefanya kazi na Rhodes. Mwezi Januari 1899 aliandikisha Tanganyika Concessions Limited, kampuni ambayo madalali wa London waliizoea hata wakaiita kwa kifupi Tanks. Mwezi Desemba 1900 ilipewa na Kamati haki ya kutafuta madini katika Katanga kwa miaka 5, kwa masharti kwamba asilimia 60 ya faida iwe ya Kamati na asilimia 40 iwe ya kampuni. Msafara wa George Grey, ndugu yake Edward Grey aliyekuja kuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, ulitangulia kufika Kansanshi mwaka 1899, kisha ukaingia Katanga.

Hapa ndipo neno jingine linapohitaji kusahihishwa. Taarifa zilizopelekwa kwa wenye hisa zilisema kwamba watafutaji "wamegundua" machimbo. Lakini karibu kila mahali palipotangazwa, Kambove, Kalukuluku ambayo wao waliiita Nyota ya Kongo, na pengineko, palikuwa na mashimo ya kale yaliyochimbwa na wenyeji kwa vizazi vingi. Wafua shaba wa Katanga walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani katika tanuri za udongo na kuitoa shaba katika umbo la msalaba karne nyingi kabla ya Brussels kuijua. Mtafutaji wa Tanks hakupekua vilima vyote. Aliuliza njia, akafuata mashimo. Kitenzi kinachofaa, basi, ni kuonyeshwa, si kugundua. Tofauti hiyo si ya sarufi tu. Aliyegundua hudai haki. Aliyeonyeshwa angepaswa kumlipa aliyemwonyesha.

Tarehe 28 Oktoba 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga kwa mtaji wa faranga milioni 10, na haki zake za uchimbaji zikapewa muda hadi mwaka 1990. Waanzilishi wake wakuu walikuwa Société Générale de Belgique na Tanganyika Concessions, nayo Kamati Maalumu ikapewa hisa zake. Reli ya kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Kwa mwenye hisa wa Tanks, hata hivyo, subira haikuisha. Williams alikuwa amepata mwaka 1902 ruhusa ya Ureno kujenga reli kutoka Lobito, naye aliendelea kumimina fedha katika reli hiyo ya Benguela mpaka mwaka 1929 ilipofika mpaka wa Kongo. Iliunganishwa na ile ya Katanga mwaka 1931. Mtu aliyenunua hisa za utafutaji wa shaba mwaka 1899 akiwa kijana alijikuta mzee mwenye sehemu ya reli nchini Angola.

Kadiri Union Minière ilivyokua, ndivyo hisa zake zilivyotawanyika. Kufikia mwaka 1960 zilikuwa zaidi ya milioni 1. Kamati Maalumu ilishika karibu robo yake, Tanganyika Concessions asilimia 14 hivi, na Société Générale, ambayo kila mtu aliiona kuwa ndiyo bwana wa kampuni, chini ya asilimia 5. Zaidi ya nusu zilikuwa mikononi mwa wenye hisa wengi waliotawanyika. Ajabu ya hesabu hii ni kwamba waliokuwa na nusu hawakuamua lolote. Mwenye hisa 10 haendi mkutanoni, na akienda hana wa kushirikiana naye. Société Générale ilitawala kwa sababu iliijaza bodi watu wake na ilijua kura za nani zingelala. Mwenye hisa mdogo alifanana na abiria wa garimoshi: amelipa nauli, ana haki ya kiti, lakini hashiki usukani.

Afadhali abiria, maana kulikuwa na waliokuwa relini wenyewe. Mwezi Desemba 1941, wakati wa vita, wafanyakazi wa Union Minière hapa Lubumbashi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Askari wakafyatua risasi katika uwanja wa michezo, na makumi ya watu wakauawa, Léonard Mpoyi miongoni mwao. Katika taarifa ya hesabu, mshahara na gawio hutoka katika fungu moja. Kinachozidi upande mmoja hupungua upande mwingine. Wenye hisa wadogo wa Brussels hawakuamuru risasi zile, na huenda wengi hawakupata habari yake. Lakini ndivyo karatasi inavyofanya kazi yake: humwezesha mtu kupokea bila kujua.

Siku tatu kabla ya uhuru, tarehe 27 Juni 1960, Kamati Maalumu ya Katanga ilivunjwa. Mali yake ikagawanywa kwa ule mgawanyo wa mwaka 1900, theluthi mbili kwa Kongo na theluthi moja kwa Compagnie du Katanga. Kwa kitendo hicho fungu la Kongo katika Union Minière likashuka kutoka karibu robo hadi karibu asilimia 17, na kundi la makampuni binafsi, yakijumlishwa pamoja, likawa na kura nyingi kuliko taifa linalozaliwa. Hapakuhitajika kubadilisha bei ya hisa hata moja. Wiki mbili baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga, na Union Minière ikamlipa yeye kodi badala ya kuilipa Léopoldville. Huko Uingereza mwenyekiti wa Tanks, Charles Waterhouse, aliyekuwa mbunge kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa waliotetea Katanga iliyojitenga. Swali la nani mwenye hisa lilikuwa limegeuka kuwa swali la nani mwenye nchi.

Lilijibiwa kwa awamu. Mwezi Februari 1965 Tshombe, sasa akiwa waziri mkuu wa Kongo nzima, alikabidhiwa huko Brussels hati za hisa za Serikali. Mwishoni mwa 1966 Mobutu aliitaka Union Minière ihamishie makao yake Kongo. Ilipokataa, mali zake zikatwaliwa, na kuanzia Januari 1967 zikawa za Gécomin, iliyokuja kuitwa Gécamines. Mapatano ya mwaka 1969 yaliyakabidhi makampuni ya kundi lile lile la Société Générale asilimia 6 ya thamani ya mazao kwa miaka 15, ikiwa ni fidia pamoja na ujira wa huduma. Kwa hiyo wenye hisa wa zamani hawakutoka mikono mitupu. Mwaka 1965, katikati ya mambo hayo, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji wa Élisabethville kwa niaba ya watumishi wa nyumbani. Maandishi hayo, yaliyochapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990, yanaitazama kampuni kutoka jikoni na uani, pembe ambayo taarifa za mwaka za wakurugenzi hazikuwahi kuwa nayo.

Gécamines ilipoanguka miaka ya 1990, watafutaji wakarudi, safari hii na masoko ya Kanada nyuma yao. Mwezi Aprili 1997, Laurent-Désiré Kabila akiwa ameshaitwaa Lubumbashi lakini bado hajaingia Kinshasa, American Mineral Fields ilitia sahihi mikataba na watu wake. Anayekumbuka mwaka 1891 ataona mfano wake: mkataba ulitangulia dola. Mabaki ya madini ya Kolwezi yaliyokuwa lengo lake yaliishia, baada ya kampuni kununuliwa, kwa First Quantum. Mwaka 2009 Serikali ikausimamisha mradi, na mwaka 2012 ugomvi ukamalizwa kwa dola za Marekani bilioni 1.25 zilizolipwa na kampuni ya ENRC. Mtu aliweza kupata faida ya Kolwezi bila kilo moja ya shaba kutolewa katika mabaki yale.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Katanga Mining, iliyouza hisa zake Toronto na kuja kutawaliwa na Glencore, ilifikia mwezi Desemba 2018 mapatano na tume ya masoko ya Ontario juu ya hesabu zilizozidisha shaba iliyozalishwa na iliyowekwa ghalani, ikatakiwa kulipa takriban dola milioni 30 za Kanada. Waliodanganywa ni wale wale wa mwaka 1899: watu walionunua habari. Mwaka 2020 Glencore iliwanunua wadogo waliobaki, na jina la Katanga Mining likaondolewa katika ubao wa soko la Toronto.

Mwaka huo huo wa 2018, Kongo ilirekebisha sheria yake ya madini ya mwaka 2002. Sheria mpya iliitengea Serikali asilimia 10 ya hisa bila malipo katika kila kampuni ya uchimbaji, na ikataka walau asilimia 10 nyingine ishikwe na raia wa Kongo, watu binafsi. Kwa mara ya kwanza tangu 1891, mwenye hisa binafsi aliyetajwa na sheria alikuwa Mkongo. Ilipotangazwa, nchi haikuwa na soko la hisa. Kalukuluku, ambayo Union Minière iliianza mwaka 1911, iko pale pale pembeni mwa mji, jirani na Ruashi, na wakazi wa Ruashi hawakuelezwa fungu hilo linauzwa dirisha gani.