Hema Msituni, Juu ya Bwawa la Ndakaini

Maji yaliyo mbele yako yako njiani kwenda Nairobi. Bwawa hili la Gatanga, Murang'a, lililojengwa kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na miaka ya 1990, hupokea mito ya Thika, Githika na Kayuyu inayotoka milima ya Aberdare. Likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huteremka yenyewe kupitia mahandaki hadi mtambo wa kusafishia wa Ng'ethu. Ukame uliposhusha kina cha bwawa mwaka 2017, jiji liliwekewa mgao wa maji.

Ukuta wa bwawa husifiwa, lakini kazi kubwa hufanywa na msitu: hunyonya mvua, huiachilia polepole, na huzuia udongo usijaze bwawa.

Usiku hapa ni baridi kali, hata Januari. Blanketi moja halitoshi. Pikia jiko la gesi, usikate kuni. Osha vyombo mbali na ukingo, na tafadhali usiogelee: kuna watu watakaoyanywa maji haya.