Sweta la Aran lenye kofia: Msokoto unavyokula uzi na upana

SWETA zito la rangi ya maziwa, lenye misokoto inayopanda kifuani mfano wa kamba za mashua, hujulikana duniani kwa jina la Visiwa vya Aran, vilivyo katika mlango wa ghuba ya Galway, magharibi mwa Ireland. Visiwa hivyo ni vitatu, yaani Inishmore, Inishmaan na Inisheer. Kwa vizazi vingi wakazi wake waliishi kwa uvuvi na kilimo kigumu juu ya ardhi ya mawe.

Watalii wengi husimuliwa kwamba kila ukoo ulikuwa na misokoto yake, ili mvuvi aliyezama atambulike kwa sweta lake hata baada ya maiti kuharibika. Ni hadithi ya kugusa moyo, lakini haina ushahidi. Mara nyingi chanzo chake hutajwa kuwa mchezo wa kuigiza wa J. M. Synge, Riders to the Sea, ulioonyeshwa jukwaani mjini Dublin mwaka 1904. Humo dada anamtambua kaka yake aliyekufa maji kwa kuhesabu vitanzi vya soksi aliyomfumia yeye mwenyewe. Ilikuwa soksi ya kawaida, si sweta, na mtindo wa ukoo hautajwi. Mwaka 1967 Heinz Edgar Kiewe, mwenye duka la nyuzi mjini Oxford, alichapisha kitabu kilichohusisha misokoto hiyo na alama za kale za dini. Miaka 20 baadaye Richard Rutt, aliyekuwa askofu wa Kianglikana na mfumaji hodari, aliyapinga madai hayo katika kitabu chake cha historia ya ufumaji.

Ukweli wake ni wa kawaida zaidi, na kwa maoni ya mwandishi huyu unastahili heshima kubwa zaidi. Sweta hilo, kwa sura tunayoijua leo, ni la karne ya 20. Wanawake wa visiwani walilifuma kwa ajili ya jamaa zao na pia kwa ajili ya kuuza, katika eneo ambalo serikali ya Uingereza ilikuwa imeliundia bodi maalumu ya kupunguza umaskini mwaka 1891. Soko lilipanuka sana baada ya mwaka 1961, kundi la waimbaji la Clancy Brothers na Tommy Makem walipoonekana katika televisheni ya Marekani wakiwa wamevaa masweta hayo.

Masweta ya awali hayakuwa na kofia. Kofia ni nyongeza ya baadaye, na ndiyo inayowavutia vijana wengi wa mijini.

Ama kuhusu ufumaji wenyewe, msokoto ni jambo jepesi kuliko unavyoonekana. Chukua msokoto wa vitanzi sita. Ukifika mahali pake, vitanzi vitatu vya kwanza vihamishie kwenye sindano fupi ya akiba na kuviacha vining'inie. Fuma vitatu vinavyofuata, kisha rudi uvifume vile vya akiba. Sindano ya akiba ikikaa mbele ya kazi, msokoto huelekea kushoto. Ikikaa nyuma, huelekea kulia. Kuvukisha huko hurudiwa kila baada ya safu sita au nane, daima upande wa mbele wa vazi. Pembeni mwa msokoto hufumwa vitanzi viwili au vitatu vya kinyume, ambavyo huzama ndani na kuufanya msokoto uinuke.

Tatizo ni hesabu. Vitanzi vinapovukana, vazi hujikunja na upana wake hupungua. Tuseme uzi mnene wa sufu, kwa sindano ya milimita 5, unakupa vitanzi 18 kwa kila sentimita 10 za ufumaji laini. Uzi uleule ukijaa misokoto unaweza kukupa vitanzi 22. Mtu mwenye kifua cha sentimita 100 anahitaji sweta la sentimita 110 ili apate nafasi ya kupumua. Anayepiga hesabu kwa vitanzi 18 ataanzisha vitanzi 198 kuzunguka mwili, na baada ya majuma kadhaa ya kazi atapata sweta la sentimita 90, ambalo litambana mwenyewe kifuani. Hesabu sahihi ilikuwa vitanzi 242. Ndiyo maana kipande cha majaribio hakiepukiki, nacho kifumwe na misokoto yenyewe, kioshwe na kukaushwa kabla ya kupimwa. Uzi nao ununuliwe wa kutosha mara moja, kwani misokoto hula uzi mwingi, na rangi ya shehena nyingine huweza kutofautiana kidogo.

Kofia huanzia kwenye vitanzi vinavyookotwa kuzunguka shingo, ikapandishwa kiasi cha sentimita 33 kwa mtu mzima, kisha ikakunjwa katikati na kuunganishwa juu. Msokoto wa katikati ya mgongo ukiendelezwa hadi utosini hupendeza sana. Kwa kuwa kofia ya misokoto ni nzito na huvuta shingo kwa nyuma, inafaa kushona utepe imara ndani ya mshono wa shingo. Ukingo wa usoni ufumwe kwa kupokezana vitanzi vya mbele na vya kinyume, ama sivyo utajikunja.

Kamba ya kufungia kofia haifai kabisa katika sweta la mtoto. Nchini Marekani, mamlaka ya usalama wa bidhaa ilitoa mwongozo mwaka 1996 wa kuziondoa kamba za kofia na shingo katika mavazi ya nje ya watoto, baada ya watoto kunyongwa na kamba zilizonasa kwenye vifaa vya viwanja vya michezo na vitanda. Badala yake tumia vifungo viwili vikubwa, vilivyoshonwa kwa nguvu.

Katika maduka mengi ya Nairobi na Dar es Salaam uzi unaopatikana kwa urahisi ni wa akriliki, si sufu. Unafaa, na haurudi ukioshwa kama sufu inavyorudi katika maji ya moto. Lakini usipigwe pasi, kwani joto hulainisha nyuzi zake na kuibapa misokoto moja kwa moja, wala haiinuki tena.