Kungoja Kati ya Chombo na Chombo: Safari za Ng'ambo Kutoka Ihanja

Ihanja, iliyo katika Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, iko mbali na bahari na mbali na viwanja vikubwa vya ndege, kwa hiyo hakuna kizazi cha watu wake ambacho kiliweza kwenda ng'ambo kwa chombo kimoja kutoka mlangoni hadi mwisho wa safari. Kuunganisha safari, yaani kushuka katika chombo kimoja na kupanda kingine kwa matumaini kwamba hicho cha pili hakijaondoka, ni jambo la kale kuliko ndege, na historia yake ni historia ya swali moja: muda wa kungoja kati ya chombo na chombo hulipwa na nani?

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita kusini ya Unyaturu, yaani nchi ya Wanyaturu iliyomo Ihanja, kupitia Ugogo na pori kavu la Mgunda Mkali. Mwendo wake ulikuwa wa polepole mno kwa kipimo cha leo; wavumbuzi Waingereza Burton na Speke, walioondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, waliingia Tabora tarehe 7 Novemba. Wapagazi walipenda kusafiri wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na majahazi ya Zanzibar nayo yaliongozwa na majira: kaskazi iliyasukuma kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia Desemba, kusi ikayarudisha kuanzia Aprili, kisha bahari ikachafuka katikati ya mwaka hadi ilipotulia tena wakati wa demani. Aliyechelewa kufika pwani hakukosa chombo cha siku hiyo tu, bali alikosa msimu. Kwa sababu hiyo ungojeaji ulijengewa nyumba, na huko Bagamoyo jengo la kupokelea misafara lingalipo hadi leo, ushahidi kwamba jamii ya wafanyabiashara ilitambua kungoja kuwa sehemu ya safari yenyewe na kukutengea mahali.

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikawapa watu wa Unyaturu vituo vya Manyoni na Itigi upande wa kusini. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliongeza tawi kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, lakini katika miaka ya 1940 likang'olewa. Reli ya sasa ya kwenda Singida ni ya baadaye.

Sura yenye mafunzo mengi zaidi ni ile ya ndege za kwanza, ingawa waliozipanda walikuwa hasa maofisa wa kikoloni na matajiri wachache. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza safari kutoka London hadi Mwanza, na mwaka 1932 njia hiyo ikafika Cape Town, ikipita Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya, hivi kwamba kwa miaka michache kituo cha ndege za kimataifa kilikuwa Dodoma, karibu na Ihanja kuliko pwani. Safari ile ilikuwa mnyororo wa miunganisho. Abiria aliruka kutoka London hadi Paris, akapanda treni hadi Brindisi huko Italia, akavuka Bahari ya Kati kwa ndege ya kutua majini, akapanda treni nyingine kutoka Alexandria hadi Cairo, ndipo akaanza kuteremka kusini kwa ndege za aina mbalimbali, kila usiku akishuka kulala kwa kuwa hazikuruka gizani. Hata hivyo abiria huyo hakuhitaji kukokotoa saa za kuunganisha, kwa sababu alikuwa na tiketi moja ya kampuni moja: treni, chakula na kitanda vilikuwa ndani ya nauli, na hatua moja ikichelewa, iliyofuata ilimngoja. Kampuni ndogo pia ziliingia katika mpango huo, mathalani Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, ambayo ilichukua barua na abiria wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam na kuwakutanisha na ndege kubwa. Mwaka 1937 ndege za majini zilihamishia njia pwani, na Dodoma ikaachwa.

East African Airways, shirika la pamoja la nchi za Afrika Mashariki lililoanza kazi mwaka 1946, liliendeleza utaratibu huo kwa kiasi fulani, kwani shirika lilelile lililomleta abiria kutoka viwanja vidogo vya Tanganyika ndilo lililompeleka London. Lilipovunjika mwanzoni mwa 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, mnyororo ule ulikatika.

Wakati huo mashirika ya ndege ya dunia yalikwisha kuwa na kanuni zao kupitia chama chao, IATA, kilichoundwa Havana mwaka 1945. Kanuni inayohusika hapa ni ile ya muda wa chini wa kuunganisha, yaani dakika chache kabisa zinazokubalika kati ya kutua kwa ndege moja na kuruka kwa nyingine katika kiwanja fulani, zikizingatia umbali wa majengo, uhamishaji wa mizigo na ukaguzi wa uhamiaji. Mwenye tiketi moja hadi mwisho wa safari akiukosa muunganisho kwa kuchelewa kwa ndege ya kwanza, kwa kawaida shirika humtafutia nafasi nyingine. Aliyenunua tiketi mbili mbalimbali, mara nyingi kwa sababu ya unafuu wa bei, huhesabiwa kuwa hakutokea, na hasara ni yake. Tofauti hiyo huonekana waziwazi katika Kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, tangu jengo la tatu la abiria lilipofunguliwa mwaka 2019: mwenye tiketi mbili anayeshuka jengo la pili kutoka mikoani huchukua mizigo yake, hutoka nje, huhamia jengo la tatu, kisha hupanga foleni upya.

Ni kanuni nzuri, lakini ina upungufu mkubwa kwa mtu wa Ihanja, kwa kuwa huanza kuhesabu kiwanjani, ilhali muunganisho wake wa kwanza ni barabara ya vumbi, ambayo mvua za kati ya Novemba na Aprili huweza kuiharibu, na wa pili ni basi. Tangu miaka ya 1990 hadi mwaka 2023 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku, hivyo gari lililoharibika njiani liliweza kumlaza abiria huko huko. Kutokana na hayo ilizoeleka kufika Dar es Salaam siku moja au mbili kabla na kulala kwa ndugu. Desturi hii yastahili kuandikwa katika historia ya usafiri wa anga, kwa maana ndugu wa Dar es Salaam, anayempokea mgeni stendi, akampa chakula na kitanda na kumsindikiza uwanjani alfajiri, hufanya bila malipo kazi iliyofanywa zamani na jengo la misafara la Bagamoyo na baadaye na nauli ya Imperial Airways.

Treni ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024 imepunguza safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam kuwa ya saa chache, na mabasi ya usiku yamerudi barabarani. Hata hivyo tiketi ya treni na tiketi ya ndege bado huuzwa mbalimbali, na treni ikichelewa, ndege haimngoji abiria wake.