Waislamu ndani ya Ngome ya Wakristo: Kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu, Mombasa, 1696–1698

Ikisiri

Kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, husimuliwa mara nyingi kama pambano la Wakristo wa Ureno na Waislamu wa Oman. Makala hii inachunguza ni nani hasa waliokuwa ndani ya ngome katika miezi hiyo 33, na inadai kwamba uhasama baina ya miji ya pwani unaeleza mengi ambayo dini peke yake haiwezi kuyaeleza.

Utangulizi

Tangu Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, historia ya pwani imewahusu pia wanafunzi walio mbali na bahari, kama wale wa Nyakarenzo wilayani Rusizi. Mwanafunzi wa huko, anayekisikia Kiswahili kutoka ng'ambo ya mto Rusizi, Bukavu, hukutana na Mombasa ya karne ya 17 kwa njia ya masimulizi tu. Akifundishwa kwamba dini mbili zilipigana hadi moja ikashinda, atabeba somo lisilolingana na matukio. Hata katika zama za Vita vya Msalaba mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka 1140 majeshi ya Damascus ya Kiislamu na ya Ufalme wa Kikristo wa Yerusalemu yaliuzingira pamoja mji wa Banias, kwa kuwa yote mawili yalimhofu Zengi, mtawala wa Mosul na Aleppo. Miaka minane baadaye Wakristo waliizingira Damascus yenyewe.

Chimbuko la mzingiro

Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, kwa ramani ya mhandisi Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari. Dini ilikuwa na uzito katika utawala wao. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, alimuua kapteni wa ngome, akarejea katika Uislamu na kuwaua Wakristo waliokataa kumfuata. Mwaka 1650 Oman iliwafukuza Wareno Muscat, na tangu hapo Waswahili wengi waliokerwa na Wareno waliitazamia iwasaidie.

Hata hivyo, si miji yote iliyoelekea upande huo. Katika kisiwa cha Pate, miji ya Pate na Faza ilikuwa na uhasama wa jadi. Wareno waliiteketeza Faza mwaka 1587, lakini karne iliyofuata Faza ilikuwa mshirika wao, kwa kuwa adui wa karibu alikuwa Pate.

Njaa, pepo na maradhi

Jeshi la Imamu Saif bin Sultan lilipofika Machi 1696, askari Wareno waliokuwa ngomeni hawakufikia mia moja. Waliokimbilia humo pamoja nao walikuwa mamia ya wenyeji, wake kwa waume. Waomani waliushika mji na kuizunguka ngome, lakini kuta nene hazikubomolewa kwa urahisi, na upande wa bahari uliendelea kupokea mashua. Vita vikawa vya kusubiriana. Msaada wa Goa ulitegemea kaskazi, na ule wa Msumbiji ulitegemea kusi; kila msimu uliopita bila merikebu uliwapunguzia watu walio ndani chakula na matumaini.

Msaada ulifika Desemba 1696, na mara baada yake maradhi ya kuambukiza yakaenea ngomeni. Kapteni João Rodrigues Leão alikuwa amekwisha kufa. Mrithi wake, António Mogo de Mello, alifariki mwaka 1697. Kufikia mwisho wa Agosti mwaka huo hapakuwa tena na askari Mreno wa kuilinda ngome. Ulinzi ukaangukia mikononi mwa Bwana Daudi wa Faza, mwanamfalme Mwislamu, akiwa na jamaa zake 17, wanaume wengine Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hao ndio walioishikilia ngome yenye jina la Yesu mbele ya jeshi la Imamu.

Septemba 1697 merikebu zilifika kutoka Msumbiji na kuleta askari wapya. Mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama karibu na ngome. Mabaki yake yalichimbuliwa na wanaakiolojia kati ya 1977 na 1980. Chini ya kapteni wa mwisho, Leandro Barbosa Soutomaior, njaa na maradhi viliendelea kuwamaliza walinzi. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani waliingia na kuwakuta watu wachache mno. Siku chache baadaye merikebu za msaada zilitokea, zikaona bendera ya Oman ikipepea juu ya ngome, zikageuza njia.

Hitimisho

Ushindi wa Oman haukuufuta uhasama wa miji. Mwaka 1728 Pate yenyewe iliwaita Wareno dhidi ya Waomani, na Mombasa ikarudi mikononi mwao. Mwaka 1729 wenyeji wa Mombasa wakawafukuza. Katika muda wa miaka 150 hivi, Faza ilihama kutoka kuwa mhanga wa Wareno hadi kuwa mlinzi wa ngome yao, na Pate, iliyokuwa hasimu wao, ikawa mwenyeji wao. Imani za miji hiyo hazikubadilika. Kilichobadilika ni jirani aliyeogopwa zaidi. Kwa mwalimu wa historia, pwani au bara, swali la kwanza kuhusu mzingiro wowote liwe: ni nani waliokuwa ndani ya kuta, na ni nini kilichowaingiza humo? Bila swali hilo, Bwana Daudi na wale wanawake 50 hawana mahali katika simulizi, ilhali bila wao ngome ingeanguka mwaka mzima kabla.