Motisha na Ari: Maneno Mawili katika Historia ya Saikolojia ya Kazi

Katika orodha ya istilahi za utawala na uendeshaji hapana neno litumikalo kwa wingi kama motisha, na huenda hapana litumikalo kwa ulegevu kama hilo. Mfanyakazi alisikiapo hufahamu fedha: nyongeza ya mshahara, posho, zawadi ya mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi. Mwalimu wa saikolojia alitamkapo hukusudia kitu kilichomo ndani ya nafsi, kile kimwamshacho mtu alfajiri aende kazini na kuifanya kazi yake vema hata pasipo mtu wa kumwona. Si muda mrefu nilikabidhiwa mswada wa kitabu cha mafunzo ya mameneja ili niukague msamiati wake. Katika ukurasa mmoja nilikuta sentensi isemayo kwamba motisha peke yake haileti motisha. Mfasiri hakukosea sarufi. Alikosa neno la pili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo si wake peke yake. Elimu yenyewe ilichukua takriban nusu karne kuvitenga vitu hivyo viwili, na gharama ya kutovitenga ililipwa na watu wa viwandani.

Saikolojia, ambayo wako waipendao zaidi kwa jina la elimunafsi, aghalabu huhesabiwa kuwa sayansi ya maabara tangu mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig, Ujerumani. Mmoja wa wanafunzi wake, Hugo Münsterberg, alihamia Marekani mwaka 1892 kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, na ndiye aliyeitoa elimu hiyo maabarani akaipeleka kazini. Kitabu chake juu ya saikolojia na maisha ya uchumi kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1912, na kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Humo alieleza jinsi alivyowapima madereva wa tramu, ili ajulikane mapema yule awezaye kuangalia barabara yenye watu na magari mengi bila ya kuchanganyikiwa. Maswali yake yalikuwa matatu: mtu gani afaa kwa kazi gani, katika hali gani ya nafsi atafanya kazi nyingi na bora, na kwa njia gani matokeo yatakiwayo yatapatikana. Yatakiwayo na nani? Hapo Münsterberg alijitenga. Kazi ya mtaalamu, kwa maoni yake, ilikuwa kuonyesha njia, si kuamua shabaha.

Wakati huohuo mhandisi mmoja, Frederick Winslow Taylor, alikuwa na jibu jepesi kuhusu nafsi ya mfanyakazi: yataka fedha. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alisimulia habari za mchukuzi wa mikuo ya chuma ghafi katika kampuni ya Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1899. Mtu huyo, kwa masimulizi ya Taylor, alikuwa akipakia tani 12 na nusu kwa siku kwa ujira wa dola 1.15. Alipoahidiwa dola 1.85, akasimamiwa na kuambiwa lini abebe na lini apumzike, alipakia tani 47 na nusu. Wanahistoria waliozipekua kumbukumbu za kampuni miaka ya 1970 walionyesha kwamba kisa hicho kilitiwa chumvi si haba. Hata hivyo kilienea duniani kote, na pamoja nacho ilienea dhana kwamba binadamu husukumwa kutoka nje, kama toroli. Taylor mwenyewe hakuona haya kumfananisha mchukuzi wake na ng'ombe. Agosti 1911 wafua vyuma wa kiwanda cha silaha cha serikali, Watertown, waligoma kwa sababu ya kupimwa kwa saa mkononi, na mwaka uliofuata Taylor alihojiwa na kamati ya Bunge la Marekani.

Sasa tufike Hawthorne, mahali ambapo kila kitabu cha somo hili hufika. Hawthorne kilikuwa kiwanda kikubwa cha kampuni ya Western Electric huko Cicero, jirani na Chicago, kilichotengeneza vyombo vya simu. Majaribio yalianza mwaka 1924 kwa swali la kawaida la kihandisi: je, taa zikiongezwa mwanga, kazi itaongezeka? Jibu halikupatikana. Kazi iliweza kupanda mwanga ulipoongezwa na hata ulipopunguzwa. Mwaka 1927 wanawake watano waunganishao rilei, yaani swichi ndogo za mitambo ya simu, wakatengwa katika chumba chao pamoja na mwenzao wa sita aliyewagawia vipuri. Wakapewa mapumziko, kisha chakula chepesi, kisha saa zikapunguzwa; kila badiliko likaandikwa. Katika muda wa miaka michache tija ilipanda kwa takriban asilimia 30.

Elton Mayo, Mwaustralia aliyekuwa akifundisha Harvard, aliingia katika uchunguzi huo mwaka 1928, na tafsiri yake ndiyo iliyoshika. Wanawake wale, alisema, waliongeza bidii kwa kuwa walisikilizwa, walishauriwa, na wakawa kundi moja. Hapa ndipo ilipozaliwa ile iliyokuja kuitwa shule ya uhusiano wa kibinadamu. Tafsiri hiyo ina ukweli ndani yake, lakini mwandishi wa istilahi hana budi kutazama pia kilichoachwa nje ya ufafanuzi. Utaratibu wa malipo ulikuwa umebadilishwa: badala ya ujira kukokotolewa kwa jumla ya kazi ya idara nzima yenye watu wengi, ulikokotolewa kwa kazi ya wale wachache tu, hata bidii ya kila mmoja ikaonekana mfukoni mwake. Na mapema mwaka 1928 wawili kati ya watano wale waliondolewa chumbani kwa kuongea mno na kwa kutotoa ushirikiano uliotakiwa, wakaingizwa wengine wawili. Mwaka 1967 Alex Carey aliyakumbusha mambo hayo kwa ukali mkubwa. Yaani chumba kilichosifiwa kwa uhuru wake kilikuwa pia na nyongeza ya fedha na tishio la kufukuzwa.

Chumba kisichotajwa sana ndicho kinachotufaa zaidi. Kuanzia Novemba 1931 hadi Mei 1932 wanaume 14 walioshughulika na nyaya za mitambo ya simu walitazamwa bila ya kubadilishiwa lolote. Utaratibu wa fedha ulikuwapo: kadiri kundi lifanyavyo zaidi ndivyo lilipwavyo zaidi. Lakini watu wale walikuwa na kadiri yao ya kazi ya siku, waliyoielewa wenyewe. Aliyeizidi alidhihakiwa, na pengine kupigwa ngumi ya begani. Aliyepungukiwa mno naye hakupendwa. Ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, na wenzao walikuwa wakiachishwa kazi. Walihofu kwamba wakifanya upesi, kiwango kitapandishwa au kazi itakwisha. Kiswahili kina jina kwa jambo lililo jirani na hilo, mgomo baridi, ingawa wale hawakuwa wamegoma. Motisha ilikuwapo tele. Ari yao ilielekea pengine, kwenye kulindana.

Aliyelitenganisha jambo hili waziwazi ni Frederick Herzberg. Mwaka 1959 yeye na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waligundua kwamba mambo yanayomuudhi mtu kazini (mshahara, usimamizi, kanuni za kampuni) si kinyume cha yale yanayomridhisha. Yakirekebishwa, manung'uniko hupungua, lakini furaha ya kazi hutoka kwingine: katika kazi yenyewe, katika kufanikiwa, katika kukabidhiwa dhamana. Mwaka 1968 aliongeza mfano wa mbwa. Ukimwonyesha mbwa biskuti naye akaja, alisema, mwenye kutaka mbwa aje ni wewe. Yeye amesogea tu. Mfano huo wafaa kubandikwa katika kila ofisi ya utumishi.

Je, lugha yetu ilikuwa wapi muda wote huo? Ilikuwa kazini, nayo iliona mengi. Neno kibarua ni udogo wa barua: kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa, kisha mtu mwenyewe akaitwa kwa jina la karatasi yake. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya kuhesabia siku za kazi, na siku 30 zikitimia ndipo mtu hulipwa. Huko Kenya kilikuwa cheti alicholazimishwa Mwafrika kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Mwenye kuamrisha aliitwa mnyapara. Msamiati huu wote wahusu kuhesabiwa na kuamrishwa. Hakuna hata neno moja linalouliza mtu yule ataka nini. Wataalamu walipokuja kuuliza, waliuliza kwa namna yao: ripoti ya mwaka 1949, iliyohaririwa na C. H. Northcott, aliyekuwa ofisa wa wafanyakazi wa kampuni ya Rowntree ya Uingereza, iliwachunguza Waafrika wa reli mjini Nairobi, na kichwa chake kilitaja ufanisi wa kazi ya Mwafrika.

Baada ya uhuru swali lilirudi kwa sauti nyingine. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliagiza mashirika ya umma ya Tanzania yawe na halmashauri za wafanyakazi. Februari 1971 Mwongozo wa TANU ukawakataza viongozi kujivuna, kudharau na kuonea. Migomo iliyofuata hadi mwaka 1973, ukiwamo ule wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, ambacho wafanyakazi walikitwaa na kuendelea kukiendesha, kwa sehemu kubwa haikudai ujira. Ililalamikia matusi, dharau na ubadhirifu. Meneja aliyedhani kwamba marupurupu yangeituliza alikuwa amelielewa neno motisha, na hakulielewa neno ari. Ari, kumbuka, ina heshima ndani yake: mtu hushikwa na ari pia pale utu wake unapoguswa.

Kwa sababu hizo napendekeza motisha ibaki kwa kile kitolewacho na mwajiri, kiwe fedha, cheti au likizo, na ari, au kwa ukamilifu ari ya kazi, itumike kwa msukumo wa ndani. Hamasa isichanganywe na yoyote kati ya hayo. Hiyo ni msisimko uchochewao na maneno au ngoma, nao hupoa. Wako watakaosema kwamba ari tayari yatumika kwa hali ya moyo ya kundi zima, kama ari ya askari. Hoja hiyo ni nzito, lakini chumba cha wanaume 14 chaonyesha kwamba mipaka kati ya ari ya mmoja na ari ya kundi si mikali kama wadhaniavyo watunga kamusi wa lugha nyingine. Ama rasilimali watu, istilahi iliyokwisha kuenea maofisini, sina tamaa ya kuiondoa. Ila naona inamweka mtu ghalani pamoja na saruji na mafuta, na neno utumishi, pamoja na kasoro zake, lilikuwa angalau likimtaja mtu atumikaye. Sentensi ya mswada ule tuliirudisha kwa mfasiri ikisomeka hivi: motisha peke yake haileti ari.